"Sugu", "Kuziba" na "Kupuliza": Uhakiki wa Istilahi za Pumu na Magonjwa ya Mapafu

Ilipoletwa mezani kwetu rasimu ya kijitabu cha maelezo kwa wagonjwa wa pumu na wa magonjwa mengine ya mapafu, tuliombwa jambo moja tu: kuthibitisha kwamba istilahi zilizotumika ni sanifu. Kazi ya namna hiyo kwa kawaida haizidi siku mbili. Mkaguzi hufungua orodha, hulinganisha neno kwa neno, hutia alama panapohusika, kisha hutia sahihi. Kwa kipimo hicho rasimu ilistahili kupita, maana karibu kila neno lililokuwamo lilipatikana katika kamusi moja au nyingine. Hata hivyo hatukuipitisha. Makala haya yana shabaha ya kueleza sababu zetu, kwa kuwa kasoro tulizoziona hazikihusu kijitabu hicho peke yake, na baadhi yake zimetoka katika ofisi za lugha kama hii yetu.

Yafaa nianze kwa kukiri kosa, kwani kosa lenyewe ni langu. Miaka michache iliyopita lilipita mikononi mwangu bango la afya lenye maneno "ugonjwa sugu wa mapafu", nami nikaliidhinisha bila kusita. Neno "sugu" limo katika kamusi, lina maana ya kitu kisichoondoka kwa urahisi, na lilikuwa limekwisha kutumika kwa magonjwa mengine mengi. Baadaye nilimsindikiza ndugu yangu hospitalini. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja kuitwa, na bango lile lile likiwa limebandikwa ukutani mbele yetu, bibi mmoja aliyekaa karibu nami alifungua pindo la khanga yake akatoa karatasi, akaniambia: "Mwanangu, hebu nisomee tena hapa. Hii sugu ndiyo ile ile ya kifua kikuu?" Nikamjibu kwamba sivyo. Akaniuliza kama nina hakika, maana kijijini kwao alikuwapo kijana aliyeambiwa ana kifua kikuu sugu, akapelekwa mbali kutibiwa kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe, tangu alipoandikiwa karatasi ile, alikuwa amekwisha kutenga kikombe chake na sahani yake, na wajukuu alikuwa amewakataza kulala chumbani mwake. Karatasi ilionyesha wazi kwamba makohozi yake yamepimwa na hayana vimelea vya kifua kikuu. Bibi yule alikuwa amepikia kuni tangu usichana wake, na mapafu yake yalikuwa yamechakazwa na moshi. Ugonjwa wake haukuweza kumwambukiza mjukuu yeyote. Kilichowaondoa wajukuu chumbani ni neno, na neno hilo nililipitisha mimi.

Tangu siku ile sijaweza kulitazama neno "sugu" kwa macho ya kamusi peke yake.

Magonjwa tunayoyazungumzia si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na kwamba mwaka huo pumu iliua watu 455,000. Ugonjwa ule mwingine, ambao waganga huutaja kwa herufi nne za Kiingereza, COPD, nao ndio uliokuwa ukiitwa "sugu" katika bango langu, ulikadiriwa kuua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwa hesabu hiyo ukawa wa nne kati ya visababishi vya vifo duniani. Karibu asilimia 90 ya wanaokufa kwa ugonjwa huu kabla ya kutimiza miaka 70 wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani katika nchi kama zetu. Ni dhahiri basi kwamba watakaoyasoma maelezo haya kwa Kiswahili, au watakaosomewa, ni wengi.

Tutazame kwanza neno lenyewe. "Sugu" kwa asili ni ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kwa sababu ya kusuguliwa mara kwa mara, kama ile ya kiganja cha mkulima aliyezoea mpini wa jembe. Kutoka hapo neno limepanuka likawa sifa ya kila kitu kilichozoea hata hakisikii tena: mhalifu sugu ni yule ambaye kifungo hakimrekebishi, na mdaiwa sugu ni yule ambaye barua za madai hazimtikisi. Katika mifano yote hii yamo mambo mawili: kwanza, jambo limerudiwa mara nyingi, pili, na hili ndilo lenye uzito, dawa yake imeshindwa. Msemaji wa kawaida akisikia "sugu" husikia zaidi kushindwa kwa dawa kuliko urefu wa muda.

Kwa hiyo wataalamu walipohitaji neno la kueleza vimelea ambavyo dawa haviui tena, hawakulazimika kuhangaika. "Sugu" lilikuwa tayari, na lilikaa mahali pake kama kifuniko juu ya chungu chake. Tanzania ilipoanza mwaka 2009 kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, katika hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, jina "kifua kikuu sugu" lilienea upesi kwa wauguzi, kwa watangazaji wa redio na kwa wananchi. Siku hizi tunasikia pia juu ya "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", na jambo hilo limepewa hata kifupisho chake, UVIDA. Matumizi haya ni sahihi, yana mantiki, na yamekwisha kukubalika. Atakayejaribu kuyaondoa atapoteza wakati wake.

Taabu ni kwamba neno hilo hilo lilikuwa limekwisha kupewa kazi nyingine, ya kutafsiria sifa ya ugonjwa unaokaa na mtu miaka mingi. Sifa hiyo katika Kiingereza imetokana na neno la Kigiriki khronos, ambalo maana yake ni wakati. Haisemi lolote juu ya ukaidi wa ugonjwa wala juu ya kushindwa kwa dawa. Inahesabu muda, basi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mkamba, yaani uvimbe wa njia kubwa za hewa. Waganga hawauiti mkamba wa aina hii kuwa ni wa muda mrefu kwa sababu umekataa dawa. Wanataka mgonjwa awe amekohoa na kutoa makohozi kwa muda usiopungua miezi mitatu katika mwaka, na iwe hivyo kwa miaka miwili mfululizo. Hiki ni kipimo cha kalenda. Rasimu iliyoletwa kwetu ilikieleza kipimo hicho vizuri kabisa katika ukurasa wa tano, na chini yake ikaandika kwa herufi nzito "mkamba sugu", kana kwamba mfasiri hakuisoma aya aliyomaliza kuiandika.

(Neno "mkamba" nalo lina shida yake ndogo. Msomaji wa Kenya anapokutana nalo hukumbuka kwanza mtu wa kabila la Wakamba, na sisi wa huku baadhi yetu humkumbuka kamba wa baharini. Lakini ni neno la zamani, limo katika kamusi, na sioni sababu ya kulifukuza kwa ajili ya kicheko.)

Pendekezo letu ni kwamba "sugu" liachiwe kazi moja, ya kueleza vimelea na magonjwa yasiyosikia dawa, na kwamba ugonjwa wa muda mrefu uitwe "wa kudumu": mkamba wa kudumu, ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Tumekwisha kupewa hoja tatu za kulipinga pendekezo hili, nazo zastahili kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza inasema kwamba "ugonjwa sugu" ni matumizi ya siku nyingi, na lugha haiendeshwi kwa amri. Ni kweli. Lakini lugha yenyewe ilikuwa na njia zake za kusema jambo hili kabla ya orodha zetu. Kidonda kisichopona, kikae mwaka baada ya mwaka, Waswahili walikiita donda ndugu, na sijui kama yupo mwanaistilahi ambaye angeweza kubuni jina bora kuliko hilo: ndugu huwezi kumfukuza, huna budi kujua namna ya kuishi naye. Sipendekezi kwamba tuseme "mkamba ndugu". Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wasemaji wa lugha walipotafuta sifa ya ugonjwa unaokaa, waliushika ule ukaaji wenyewe.

Hoja ya pili ni kwamba muktadha utaondoa utata. Hoja hii husemwa na watu waliokaa ofisini. Muktadha wa mapafu ndio hasa unaouleta utata, kwa sababu hapo ndipo magonjwa yote mawili yanapokutana katika kiungo kimoja, kwa dalili zinazofanana: kikohozi kisichoisha, makohozi, kukonda, kuhema. Mtu mwenye kisukari akiambiwa kina "sugu" hatakichanganya na kitu kingine. Mwenye kifua hana usalama huo. Tena yupo mgonjwa wa tatu, ambaye vijitabu vingi humsahau: yule aliyeugua kifua kikuu, akapona kabisa, lakini akabaki na makovu ndani ya mapafu na pumzi fupi ya maisha. Kifua kikuu ni mojawapo ya vyanzo vya ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Mtu huyo ukimwandikia "ugonjwa sugu wa mapafu baada ya kifua kikuu", ataelewa nini, na jirani yake ataelewa nini?

Hoja ya tatu ina nguvu zaidi. Baadhi ya wauguzi wametuambia kwamba "kudumu" linakatisha tamaa; mgonjwa akiambiwa ana ugonjwa wa kudumu huona amehukumiwa. Nimelifikiri jambo hili kwa muda. Naona kwamba katika pumu neno hilo lina faida kubwa kuliko hofu yake. Pumu huja na kuondoka. Siku ambayo kifua kimefunguka, mgonjwa hujiona amepona na huiweka dawa kando, ilhali ndani ya vijia vya hewa uvimbe bado upo ukingoja vumbi au baridi ya alfajiri. Dawa ya kutuliza uvimbe huo hutumiwa kila siku kwa wengi wao, hata siku za uzima. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake unadumu anayo sababu ya kuitumia. Aliyeambiwa ni sugu anayo sababu ya kuiacha, maana ya nini kujisumbua kwa dawa ambayo jina la ugonjwa lenyewe limetangaza kwamba haifai?

Hayo yanatosha juu ya "sugu". Neno la pili lililotusimamisha ni "kuziba". Rasimu iliutafsiri ule ugonjwa wa herufi nne kuwa "ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa". Kitu kilichoziba hakipitishi chochote: bomba la maji limeziba, mfereji umeziba, pua imeziba. Na kilichoziba huzibuliwa. Msomaji wa jina hili atasadiki kwamba ndani ya kifua chake mna kitu kilichokwama, na kwamba panahitajika dawa ya kukitoa, au waya, au kisu. Mambo yalivyo ni tofauti. Kuta za vijia vya hewa zimekuwa nene, ute umezidi, na vile vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa vijia vimelegea na kuharibika. Hewa huingia kwa nafuu kidogo lakini hutoka kwa shida, ndiyo maana mgonjwa hupuliza pumzi kwa midomo iliyobanwa kama apulizaye uji wa moto. Njia zimekuwa nyembamba, hazikuzibwa. Tumependekeza "kufinyaa", na jina zima liwe "ugonjwa wa kudumu wa kufinyaa kwa vijia vya hewa". Ni refu, nakiri. Katika mazungumzo watu watasema "ugonjwa wa kudumu wa mapafu", na hawatakuwa wamekosea.

Katika pumu, kufinyaa huko kuna tabia nyingine: misuli inayozunguka vijia hukaza ghafula, kisha ikilegea, kwa dawa au yenyewe, njia hufunguka tena. Hapa wananchi wametutangulia. Husema "kifua kimembana", "amebanwa na pumu", na ukiwasikiliza utaona kwamba kitenzi hicho kimeeleza kile mgonjwa anachokihisi na kile kinachotendeka ndani ya mapafu kwa neno moja. Rasimu haikulitaka. Iliandika "shambulio la pumu" mara kumi na saba. Shambulio ni la jeshi, au la nyuki, au la timu ya mpira karibu na lango. Mtu hashambuliwi na pumu katika Kiswahili cha mtu aliyewahi kuwa nayo. Tumeandika "kubanwa na pumu" kila palipohitajika kitenzi, na "mbano wa pumu" kila palipohitajika jina.

Kisha likaja swali la "pumu kali". Je, ni pumu iliyombana mtu sasa hivi, au ni pumu ambayo kwa jumla ni mbaya kuliko za wengine? Rasimu ilitumia neno moja kwa yote mawili, na ukurasa wa kumi na moja ulimwagiza mwenye "pumu kali" akimbilie hospitali mara moja. Mgonjwa aliyekwisha kuambiwa na daktari wake kwamba pumu yake ni kali kwa jumla atakimbia kila siku, au, akisha kuchoka kukimbia, hatakimbia siku inayomlazimu. Tumetenganisha: "mbano wa ghafula" kwa tukio, na "pumu kali" kwa hali. Pia tumeomba ziandikwe dalili zenyewe kwa maneno ya kawaida, kwamba mtu asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, au ambaye midomo yake inabadilika rangi, asingoje. Kwa dalili kama hizo istilahi haihitajiki.

Nimeacha kwa makusudi hadi hapa neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lingeleta madhara makubwa kuliko yote, ijapokuwa halina makosa yoyote ya kisarufi. Kile chombo kidogo chenye dawa ya pumu, ambacho watu mitaani hukiita "pampu" au "inhela", rasimu ilikiita "kipulizio". Maagizo yakafuata: "Weka kipulizio mdomoni, jipulizie dawa mara mbili."

Katika Kiswahili kupuliza ni kutoa hewa nje. Tunapuliza moto, tunapuliza filimbi, tunapuliza uji. Mkulima wa pamba naye hupulizia dawa kwa bomba alilolibeba mgongoni, na dawa huangukia juu ya majani. Mgonjwa atakayeyafuata maagizo haya kwa uaminifu atafanya hivyo hivyo: atafungua mdomo, atabonyeza, dawa itaangukia juu ya ulimi na kooni, ataimeza, na kifua kitabaki kilivyokuwa. Yaani atakuwa ameitii sentensi na kuikosa dawa. Jambo linalotakiwa ni kinyume cha kupuliza. Atoe pumzi kwanza, akibonyeza aivute dawa ndani taratibu kwa pumzi ndefu, kisha aishikilie pumzi kwa kiasi cha sekunde kumi kama anaweza. Kitenzi cha tendo hilo ni "kuvuta". Tunavuta pumzi, na wavutaji huvuta sigara, kwa hiyo hakuna mtu mzima wa nchi hii asiyejua kuvuta ni kuingiza kitu kifuani. Tumependekeza "dawa ya kuvuta" na "kivutio cha dawa", ingawa hili la pili bado tunalitilia shaka, kwa kuwa "kivutio" limekwisha kuchukuliwa na idara za utalii. Yawezekana "pampu" litashinda. Likishinda hatutalia, mradi kitenzi kinachofuatana nalo kiwe kuvuta.

Hali kadhalika kwa kile chombo cha kati kinachowekwa baina ya dawa na mdomo ili mtoto asiyeweza kuvuta kwa wakati apate dawa yake. Watafiti wa Cape Town walionyesha katika jarida la The Lancet mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ya soda, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka chombo cha dawa, huweza kuifanya kazi hiyo kwa watoto. Rasimu ilikiita chombo hicho "kitenganishi", neno ambalo linafaa kwa fundi umeme. "Chupa ya kuvutia dawa" linaeleweka na kila mama, na tena linamwambia nini cha kutafuta.

Kuna pia hizi dawa mbili za kuvuta, ambazo rasimu iliziita "dawa ya nafuu" na "dawa ya kinga". La kwanza halina ubaya, ingawa mjini "nafuu" ni bei. La pili ni la hatari kidogo. Kinga, kwa mzazi aliyewapeleka watoto kliniki, ni chanjo: hutolewa mara moja au mara chache, kadi hugongwa mhuri, kazi imekwisha. Dawa hii ya pumu haiko hivyo. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2019, wakati mwongozo wa kimataifa wa pumu ulipoacha kupendekeza kwamba mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake bila ile ya kutuliza uvimbe. Tumependekeza "dawa ya kufungua kifua" na "dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe". Yanaeleza kazi ya kila moja, na wala hayahitaji faharasa.

Juu ya visababishi nitasema kwa ufupi, isipokuwa jambo moja. Rasimu ilichanganya chanzo cha pumu na kinachoiamsha. Vumbi, baridi, chavua, moshi na manyoya ya paka viliorodheshwa kuwa "sababu za pumu", na mzazi akisoma hivyo ataamini kwamba paka ndiye aliyempa mwanawe ugonjwa. Tumetumia "kichocheo" kwa kile kinachoamsha mbano, ingawa wanakemia wanalo neno hilo kwa kazi yao; nyanja ni mbali, hazitagombana. Mwenzetu mmoja alipendekeza "kiamsho", tukaona msomaji atangoja chai na maandazi. "Mzio" tumeliunga mkono. Zamani lilitaja chakula ambacho mtu amekatazwa kwa sababu ya mwiko au maradhi, na kulipanua hadi kwenye vumbi na chavua ni upanuzi halali.

Pia mhariri mmoja alitaka tufute "pumu ya ngozi", jina ambalo wananchi wameupa ugonjwa wa ngozi yenye kuwasha na kupasuka, akisema ngozi haipumui. Tulikataa. Magonjwa hayo mawili huandamana mara nyingi katika mtu mmoja na katika ukoo mmoja, na waliolibuni jina hilo huenda waliliona hilo kwa macho kabla ya kulisoma popote.

Jambo moja nililolitenga ni moshi. Kijitabu cha asili kiliandikwa kwa wasomaji wa nchi tajiri, ambako tumbaku ndiyo chanzo cha zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Katika nchi zetu, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, tumbaku huchangia asilimia 30 hadi 40, na moshi wa ndani ya nyumba ni chanzo kikubwa. Mfasiri alifuata mpangilio wa asili kwa uaminifu: kurasa nne za sigara, kisha mstari mmoja juu ya "moshi wa nishati za kibaiolojia". Mama anayepuliza moto kwenye mafiga, mtoto mgongoni, hatajitambua katika maneno hayo. Tumeandika "moshi wa kuni, mkaa, mabua na samadi kavu", na tumeomba aya hiyo itangulie. Mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na istilahi hiyo, "nishati safi ya kupikia", imekwisha kufika hadi vijijini. Haikuwamo katika rasimu hata mara moja. Vivyo hivyo wafanyakazi wa machimbo, wa katani na wa pamba walitajwa kwa pamoja kuwa ni watu wenye "mfiduo wa kikazi". Tuliandika kwamba huvuta vumbi kazini.

Rasimu imerudishwa kwa wenyewe. Wamekubali "kuvuta" mahali pote, wamekubali "kubanwa" na "kufinyaa", na wameiweka aya ya moshi wa jikoni mbele ya sigara. Juu ya "wa kudumu" wamekubali nusu: ndani ya kijitabu "sugu" limeondolewa, lakini jalada, wanasema, limekwisha kuchapwa nakala zote, na fedha za kuchapa jingine hazipo hadi bajeti ijayo. Walimu na wauguzi watakaokigawa wanaombwa wakifungue ukurasa wa tatu kabla ya kumkabidhi mgonjwa, wamsomee jina la ugonjwa lililomo humo.